Nimeambiwa "punguza pombe". Nipunguze kutoka ngapi hadi ngapi?

Kitasa

Wakuu, salaam. Humu mimi ni msomaji tu, leo nimejitosa kuandika.

Nina miaka 44, kazi yangu ya kukaa kwenye kiti, sigara sivuti. Pombe nimeanza ujanani na sijawahi kujihesabu mlevi: kazi sikosi, sigombani na mtu. Siku hizi nakunywa nyumbani, jioni, pombe kali na barafu, glasi tatu hivi. Wikendi zinaongezeka, ngapi sijui, maana wikendi nani anahesabu.

Kilichonileta ni vipimo vya afya vya kazini. Presha imesoma 152 kwa 96. Kwenye majibu ya damu kuna kitu kinaitwa GGT, wamekizungushia kalamu nyekundu: 118. Daktari alikuwa na foleni ndefu, akaniambia "punguza pombe", akaita anayefuata. Kutoka ngapi hadi ngapi hakusema, na mimi nikaona aibu kuuliza mbele za watu.

Sasa nawauliza nyie. Kuna kiasi ambacho hakina madhara kabisa? Miaka yote nasikia glasi moja ya divai nyekundu ni kinga ya moyo. Halafu kuna hili la usingizi. Nikinywa nalala mara moja, lakini saa tisa usiku niko macho, moyo unadunda. Siku nisipokunywa ndiyo balaa: jasho linalowesha shuka, na kesho yake mikono haitulii, hata kutia sahihi ni taabu, mpaka nipate glasi ya kwanza ndipo inatulia. Ndiyo maana nataka kuachana nayo kabisa kuanzia Jumatatu, niteseke wiki moja yaishe. Mke wangu ananiunga mkono, anasema kuacha ni kuacha. Mnaonaje?

Jiwe la Pembeni

Mkuu, mkeo kasema yote. Mambo ya kupunguza ni kujidanganya, leo glasi mbili, kesho umerudi kulekule. Mimi niliacha siku moja, nikamwaga kila kilichokuwepo kwenye sinki, sijagusa tena. Siku tatu za mwanzo utatetemeka na kutapika, kaza meno, kunywa maji mengi, itapita. Ni nia tu.

Nesi wa Usiku

Kitasa, usiache Jumatatu. Soma kwanza hapa hadi mwisho, na mkeo asome.

Jiwe la Pembeni, hongera kwa kuacha, sina ugomvi na hilo. Ila huyu ndugu ameandika sentensi moja ambayo kwa mtu wa wodini ni kengele: mikono inatetemeka asipokunywa, na inatulia akinywa. Hapo nia haijaingia bado. Hapo ni ubongo.

Pombe inautuliza ubongo. Ukiutuliza kila jioni kwa miaka, wenyewe unajibu kwa kujikaza upande wa pili ili uweze kufanya kazi. Ukiondoa pombe ghafla, kule kujikaza kunabaki peke yake, hakuna cha kukizuia. Dalili zinaanza kati ya masaa sita hivi na siku moja baada ya glasi ya mwisho: mikono, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, wasiwasi usio na sababu. Wengi inaishia hapo. Wengine wanapata degedege, mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza, hata mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Na wachache, kuanzia siku ya pili hadi ya nne, wanaanza kuweweseka: homa, presha juu, anaona wadudu ukutani, hajui yuko wapi. Hiyo inaua. Mtu anayeacha heroini anateseka sana lakini kwa kawaida hafi kwa kule kuacha kwenyewe. Anayeacha pombe anaweza kufa. Watu wakisikia hivyo huwa hawaamini, kwa sababu pombe ni halali na heroini si halali.

Nimefanya zamu za usiku wodini muda mrefu, jina langu hapa linatoka huko. Mgonjwa akija kwa ajali au kwa nimonia, siku ya pili akaanza kuhangaika kitandani, kuna kitu tunafanya. Namwambia anyooshe mikono mbele, apanue vidole. Mara nyingi huoni kitu. Halafu naweka ncha za vidole vyangu kwenye ncha za vidole vyake, nanyamaza kidogo. Kuna mtetemo mdogo ambao macho hayauoni, vidole vinausikia. Nikiusikia huo sisubiri asubuhi kumwamsha daktari. Sasa wewe wa kwako unaonekana hadi kwenye sahihi.

Kwa hiyo cha kwanza, rudi kwa daktari na umwambie hiyo sentensi kama ulivyoiandika hapa. Inatibika, na kwa siku chache tu. Wanatumia dawa za jamii ya diazepam kwa dozi inayoshuka, pamoja na vitamini B1, yaani thiamini, kwa sababu wanywaji wengi inawaishia mwilini na upungufu wake unaharibu kumbukumbu moja kwa moja. Hizo diazepam usijinunulie wala usiombe za jirani. Zikichanganyika na pombe zinazima pumzi.

Mpaka umwone daktari, usiongeze na usikate ghafla. Najua inasikika vibaya nesi kumwambia mtu aendelee kunywa.

Maswali mengine nitarudi kuyajibu, ila nahitaji kazi moja kutoka kwako. "Glasi tatu hivi" haina maana yoyote kwangu. Chukua glasi yako ya kila siku, tia maji mpaka pale unapotiaga pombe, kisha yamimine kwenye kikombe cha kupimia cha jikoni. Usome ngapi. Na usihesabu glasi, hesabu chupa tupu. Chupa moja inakufikisha siku ngapi?

Jiwe la Pembeni

Mbona mimi sikumwona daktari yeyote na niko hai? Tusitishane.

Nesi wa Usiku

Wanaokuja kusimulia kwamba waliacha wenyewe ni waliopona, mkuu. Wale wengine hawana akaunti humu.

Mama Wawili

Samahani kuingilia uzi wa mtu. Mimi si mnywaji wa kila siku, Jumatatu hadi Alhamisi sigusi, sina kutetemeka wala nini. Ijumaa watoto wakilala nafungua chupa ya divai, mara nyingi inaisha usiku huohuo. Nimekuwa nikijiambia kwamba kwa wiki ni chupa moja tu, tena divai. Nesi, hiyo nayo ina shida?

Kitasa

Nimepima. Nilitegemea isome 40 au 50. Imesoma mililita 90. Mke wangu alikuwa amesimama pembeni, akacheka, akasema tupime tena. Tukapima tena, 90. Chupa ni ya mililita 750, na nikisema ukweli siku ya tatu hainifikii jioni.

Nesi wa Usiku

Asante kwa kupima. Wengi wakiambiwa hivyo wanapotea kwenye uzi.

Hesabu yake hii hapa, na mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kinywaji chochote. Mililita zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, gawa kwa 100, unapata mililita za pombe tupu. Zidisha tena kwa 0.79, unapata gramu. Glasi yako ya mililita 90, pombe ya asilimia 40: ni mililita 36 za pombe tupu, gramu 28. Tatu ni gramu 85 kwa jioni moja. Kwa wiki ni karibu gramu 600, na hapo wikendi hatujaziongeza.

Ini la mtu mzima linaondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, basi. Kahawa hailiharakishi, kuoga maji baridi hakuliharakishi, wala kulala. Kwa hiyo katika gramu 85 ulizomaliza saa nne usiku, sehemu inaweza kuwa bado imo mwilini asubuhi unapoamka. Kama unaendesha gari kwenda kazini, lifikirie hilo.

Ulinganishe na nini? Nchi zinatofautiana. Uingereza tangu 2016 wanasema yuniti 14 kwa wiki zisipitwe, mwanamume na mwanamke sawa, na zitawanywe kwenye siku tatu au zaidi. Yuniti yao ni gramu 8, jumla gramu 112. Australia mwaka 2020 waliweka vinywaji 10 vya gramu 10 kwa wiki, gramu 100. Kanada mwongozo wa 2023 umeshuka zaidi: vinywaji viwili kwa wiki ndiyo hatari ndogo, kuanzia saba hatari inapanda sana. Chukua unaoutaka, wewe uko mara tano au zaidi juu yake. Silisemi hili kukuaibisha. Wewe ndiye uliyeuliza kutoka ngapi, na jibu ni kutoka 600.

Kiasi kisicho na madhara kabisa? Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko Januari 2023: hakuna. Msingi wake ni saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988, kundi lilelile la tumbaku. Mwili ukivunja pombe unatengeneza asetaldihaidi, na hiyo inaharibu vinasaba vya seli. Zinazohusika ni saratani za mdomo, koo, zoloto, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Kwa glasi moja moja hatari ni ndogo, inapanda kadiri unavyopanda. Na hapa bia, divai na pombe kali ni kitu kimoja, maana kinachodhuru ni pombe iliyomo, si rangi wala harufu. Unayevuta sigara huku unanywa, hatari ya koo na mdomo inazidishwa, haijumlishwi tu.

Ile ya divai nyekundu na moyo naijua sana, hata madaktari tuliokuwa nao walikuwa wanaisema. Ilitoka kwenye tafiti zilizolinganisha wanaokunywa kidogo na wasiokunywa kabisa, zikakuta wasiokunywa wanaumwa zaidi. Shida ni nani alikuwa kwenye hilo kundi la wasiokunywa. Humo walikuwamo watu walioacha kwa sababu tayari wanaumwa. Walipoanza kuwatoa hao kwenye hesabu, na kuangalia kwamba wanywaji wa kiasi wengi wana kipato na matunzo mazuri, ile faida ikanywea. Na kwako wewe mwenye 152 kwa 96 si mjadala hata, pombe inapandisha presha. Habari njema ni kwamba wanaokunywa kwa wingi wakipunguza, presha nayo inashuka, mara nyingi ndani ya wiki chache.

GGT ni kipimo cha ini, na 118 ni ini linalalamika. Si pombe pekee inayoipandisha, mafuta kwenye ini na baadhi ya dawa pia, kwa hiyo mwache daktari aiangalie pamoja na vipimo vingine. Lakini kwa maelezo yako najua ningeanzia wapi. Ini lenye mafuta linaweza kurudi katika hali yake, hilo ndilo watu hawaambiwi. Wiki kadhaa bila pombe na linaanza kusafika. Likishaingia makovu mpaka limesinyaa, hapo tunazungumza mengine.

Usingizi: pombe inakuzimisha haraka, ikianza kuisha mwilini ubongo unashtuka. Ndiyo hiyo saa tisa yako. Usingizi wa ndoto nao pombe inaubana mwanzoni mwa usiku. Ukiacha utalala vibaya kwa muda kabla hujalala vizuri, usije ukadhani kuacha ndiko kumekuharibia.

Mama Wawili, chupa yako ya mililita 750 kama ni asilimia 12 ina gramu 71. Kwa wiki bado uko chini ya hiyo mipaka ya Uingereza, lakini zinaingia kwa usiku mmoja, na Shirika la Afya Duniani wanahesabu gramu 60 kwa mkupuo kuwa unywaji mzito. Mwili wa mwanamke una maji machache kwa uzito uleule, hivyo pombe inakolea zaidi kwenye damu. Na kwa matiti, pombe inapandisha homoni ya estrojeni, hatari inaanza kupanda hata kwa kiasi kidogo. Wewe huna dalili za Kitasa, unaweza kupunguza mwenyewe kuanzia Ijumaa hii. Nunua chupa ndogo, au mimina nusu kwenye chupa nyingine na uifunge kabla hujaanza, si katikati. Katikati hakuna anayefunga chupa.

Fundi Saa

Niongeze la kwangu kwa Mama Wawili na wengine wasiotetemeka, la Kitasa nimemwachia nesi.

Mimi nilipunguza, sikuacha. Kilichonisaidia ni saa, si kiasi. Nilikuwa naanza nikivua viatu tu. Nikaweka sheria ya kwamba chochote kisianze kabla sijala. Tumbo likishashiba ile hamu inapungua nusu, na muda wa kunywa kabla ya kulala unabaki mfupi. Pia nikaacha kuweka chupa nyumbani. Nikiitaka naifuata, na jioni nyingi uvivu unashinda.

Angalizo: kuhama pombe kali kwenda bia si kupunguza mpaka uhesabu. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ni gramu 20. Nilihama nikajiona nimepona, kumbe bia nne ni gramu 80.

Hivi vinywaji vya sifuri asilimia nesi unavionaje? Kwangu vimesaidia, rafiki yangu vimemrudisha kwenye vyenyewe.

Nesi wa Usiku

Wote wawili mko sahihi. Kama ladha na ile sauti ya kufungua vinakupa hamu ya kilevi, viache. Kama vinakujazia mkono tu jioni ipite, tumia. Soma lebo, baadhi vina nusu asilimia.

Kitasa

Nesi, nimesoma mara mbili, mke wangu naye amesoma na Jumatatu imefutwa. Nimepata nafasi ya daktari Alhamisi. Tatizo nitapewa dakika tano tena. Niseme nini? Na kwa mtu kama mimi lengo ni kupunguza au kuacha?

Nesi wa Usiku

Andika kwenye karatasi umpe aisome, watu wakifika mbele ya daktari wanapunguza namba wenyewe. Andika hivi: gramu 85 kwa siku, kila siku, wikendi zaidi. Mikono inatetemeka na jasho nikikosa, vinatulia nikinywa. Presha 152 kwa 96, GGT 118. Kisha jibu kama umewahi kupata degedege, kama una ugonjwa mwingine, na dawa zote unazotumia, hata za maumivu. Paracetamol isimpite, kwa ini la mnywaji mzito ina dozi yake. Mwombe akufanyie dodoso la AUDIT, lina maswali kumi na halimalizi dakika tano. Alama 8 kwenda juu ni unywaji hatari, 20 kwenda juu kuna uwezekano mkubwa wa utegemezi. Mwulize waziwazi: hili nilifanyie nyumbani au nilazwe? Kuna wanaoachia nyumbani wakiwa na mtu wa kuwaangalia na dawa ya kila siku, ila waliowahi kupata degedege au kuweweseka wanalazwa. Daktari akichagua kushusha pole pole badala ya dawa, kwa kawaida ni kama sehemu moja ya kumi, unakaa siku kadhaa, unashusha tena. Kipimo ni kile kikombe cha jikoni, si jicho.

Lengo: mtu aliyefika kwenye kutetemeka mara nyingi anapata nafuu zaidi akiacha kabisa, angalau kwa miezi, kuliko kulinda glasi moja kila jioni. Baada ya siku za mwanzo kupita, kuna dawa za kupunguza hamu, naltrexone na acamprosate. Ziulizie, hazitajwi sana bila kuulizwa. Naltrexone wanaangalia ini kwanza. Na kuna vikundi vya watu walioacha, wengine vinawafaa kuliko dawa.

Mpaka Alhamisi endelea na kiasi chako, ukitumia kipimo, usiongeze. Kula, hata kama huna hamu. Ikitokea kabla ya hapo umeanza kutapika bila kukoma, mikono imezidi, unaona au kusikia vitu ambavyo mkeo havioni, au umepoteza fahamu hata kidogo, Alhamisi haipo tena, mnakwenda usiku huohuo. Na usiendeshe wewe.